Kisa cha Bradford: sufu ndefu iliyoujenga mji, kisha ikaufunga mikono

Kwa nini kisa hiki

Bradford ni mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, uliokaa ndani ya bonde kama uji ndani ya bakuli. Mwaka 1801 ulikuwa na watu 13,264. Mwaka 1851 walikuwa 103,778, na wengi wao waliishi kwa sufu: waliichana, waliisokota, waliifuma, waliitia rangi, au walimuuzia mkate aliyefanya mojawapo ya kazi hizo. Leo soko kuu la sufu la mji huo ni duka la vitabu, na kiwanda chake kikubwa kuliko vyote kimegeuzwa makazi.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wenye viwanda walilewa mafanikio wakalala. Hayo yanasemwa juu ya kila mji ulioshuka, na hayamsaidii mtu anayetaka kujua kosa lilikuwa wapi. Katika uchambuzi huu tunafuata jambo moja dogo linaloweza kupimwa kwa rula: urefu wa unywele wa kondoo. Karibu kila uamuzi mkubwa wa Bradford ulitokana na urefu huo, na karibu kila uamuzi ulikuwa wa busara siku ulipofanywa. Majina ya wafanyakazi na ya kampuni ndogo tumeyaacha. Waliotajwa ni watu wa historia ya wazi.

Usuli: sufu za aina mbili

Asiyejua tofauti hii hataelewa kilichofuata. Sufu fupi huchambuliwa, yaani hupitishwa kati ya magurudumu yenye meno mpaka nywele zikae ovyo huku na huku. Uzi wake huwa mnene na wenye manyoya, na kitambaa chake ni kama blanketi. Sufu ndefu huchanwa. Kitana huzilaza nywele zote upande mmoja, sambamba, na kuzitoa zile fupi. Kinachobaki ni utepe mrefu laini, na uzi unaosokotwa kutoka kwenye utepe huo ni mwembamba, imara na unang'aa. Kitambaa cha suti nzuri ni cha sufu ya kuchanwa.

Kondoo wa Kiingereza wa aina ya Lincoln na Leicester hutoa nywele za sentimita 15 hadi 30. Merino, ambaye baadaye alijaa Australia, hutoa nywele nyembamba zaidi lakini fupi, sentimita 5 hadi 10 tu. Nambari hizo zitarudi.

Kabla ya Bradford, mji mkuu wa sufu ya kuchanwa ulikuwa Norwich, mashariki mwa Uingereza. Bradford ilikuwa na vitu vitatu ambavyo Norwich haikuwa navyo pamoja: maji laini yasiyo na chokaa, makaa ya mawe chini ya miguu, na wafumaji wa vijijini waliozoea ujira mdogo. Maji laini si jambo dogo. Maji yenye chokaa huigeuza sabuni kuwa utando unaogandia kwenye sufu, na rangi haishiki sawasawa. Mwaka 1773 mji ulijenga ukumbi wa kuuzia majora, na mwaka 1774 ukafungua mfereji wa kuuunganisha na njia ya maji iendayo Leeds na Liverpool.

Mwaka 1793 mtu mmoja alitaka kujenga kiwanda cha mvuke. Majirani wakatishia kumshtaki kwa sababu ya moshi, naye akaacha. Kiwanda cha kwanza cha kusokota kwa mvuke kilianza kazi mwaka 1800. Ilipofika 1841 vilikuwa 70, na hakuna tena aliyezungumzia moshi mahakamani.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Kusokota kulikwenda kiwandani kwanza kwa sababu ndiko kulikokuwa kunachelewesha kazi: ilihitaji wasokotaji kadhaa wa mkono kumlisha mfumaji mmoja. Kufuma kulifuata, kwa ugomvi. Mwaka 1822 mashine ya kufumia iliyoletwa Shipley, jirani na Bradford, ilivunjwavunjwa na wafumaji. Mwaka 1826 umati ulishambulia kiwanda mjini, walinzi wakafyatua risasi, watu wawili wakafa. Kabla ya hapo, mwaka 1825, wachanaji na wafumaji walikuwa wamegoma kwa zaidi ya miezi 5 wakidai nyongeza na haki ya chama chao. Walishindwa kabisa. Baada ya mgomo ule waajiri walipata sababu mpya ya kutafuta mashine ya kuchana.

Katikati ya miaka ya 1830 likaja jambo lililoupa mji bidhaa yake. Wafumaji walianza kutumia uzi wa pamba kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu, na uzi wa sufu ndefu kwenye mshindio, yaani nyuzi za kukatiza. Pamba ilikuwa ya bei rahisi, imara, haikukatika ovyo kwenye mashine. Sufu ndefu juu yake ilileta mng'ao. Kitambaa kikawa cha bei ambayo mke wa karani angeweza kuimudu, lakini kikafanana kwa mbali na hariri.

Kazi haikuwa nyepesi. Kitambaa cha mchanganyiko kina matatizo mawili makubwa. La kwanza ni rangi: pamba na sufu hazinywi rangi moja. Ukitumbukiza jora kwenye pipa lililotengenezwa kwa ajili ya sufu, mshindio utatoka mweusi na mtande utabaki na weupe wa majivu. Ilibidi watia rangi wa Bradford wapate njia ya kutia mara mbili, kila uzi na dawa yake, mpaka macho yasione tofauti. La pili ni kukunjamana. Sufu ikilowa hujikunja, pamba haijikunji, kwa hiyo jora likioshwa hutoka na mabonde. Dawa yake ilikuwa kulivuta jora likiwa limenyooshwa kwenye magurudumu, kulipitisha ndani ya maji ya moto, kisha kulipiga mvuke na kuliacha lipoe likiwa bado limekazwa. Likishapoa hivyo halikunjamani tena. Aliyeruka hatua hii alirudishiwa mzigo wake.

Baada ya hapo mji ukatafuta nywele ndefu popote zilipo. Titus Salt alinunua marobota ya sufu ya alpaka, mnyama wa Peru, yaliyokuwa yamekaa bila mnunuzi katika ghala la Liverpool, akayasokota, akayafuma juu ya mtande wa pamba. Mohairi ya mbuzi wa Angora ililetwa kutoka Uturuki. Zote mbili ni nywele ndefu, ngumu kidogo, zenye mng'ao. Tarehe 20 Septemba 1853 Salt alifungua kiwanda chake nje ya mji, Saltaire, chenye wafanyakazi kama 3,000 na mashine 1,200 za kufumia, zenye uwezo wa yadi 30,000 kwa siku. Alitoka mjini kwa sababu za hesabu na za afya pamoja. Ndani ya bonde moshi haukuwa na pa kwenda, na kijito cha mji kilikuwa kimekufa.

Mwisho kabisa ikaja mashine ya kuchana.

Kuchana: mashine iliyoamua kila kitu

Mchanaji wa mkono alifanya kazi nyumbani, mara nyingi katika chumba alicholala na watoto. Aliosha sufu kwa sabuni, akaikamua, akaipaka mafuta, kisha akapasha moto vitana viwili vya chuma kwenye jiko la mkaa lililowaka mchana kutwa. Kitana kimoja kilifungwa kwenye nguzo, kingine kilikuwa mkononi. Sufu iliyotundikwa kwenye cha kwanza ilipitiwa na cha pili mpaka nywele zikalala sawa, halafu ikavutwa polepole kuwa utepe. Ndani ya chumba kilichofungwa, hewa ya mkaa ndiyo iliyokuwa chakula chao. Maelfu ya familia za Bradford ziliishi hivyo katika miaka ya 1840.

Mashine zilizowaondoa zilikuwa kadhaa, na haki zake zilipiganiwa mahakamani kwa miaka. Samuel Cunliffe Lister alinunua hataza za wenzake, zikiwemo za Heilmann wa Alsace, na kwa muda aliwatoza wenye viwanda leseni kubwa mno kwa kila mashine. Ile iliyotamalaki Bradford baadaye ilikuwa mashine ya Noble, ya mwaka 1853. Namna inavyofanya kazi ni hivi. Kuna duara kubwa lenye safu za meno, na ndani yake maduara mawili madogo yanayoligusa kwa ukingo. Sufu hulishwa pale yanapogusana, na brashi huipiga chini iingie kwenye meno ya yote mawili. Maduara yanapozunguka yanaachana polepole, na kila moja linaondoka na ncha za nywele zikining'inia. Magurudumu hushika ncha hizo na kuzivuta nje kuwa utepe. Nywele fupi hubaki ndani ya meno na kuondolewa kwa visu.

Tazama sasa mtego ulipo. Ili gurudumu lishike ncha, lazima unywele uwe mrefu vya kutosha kutokeza nje ya meno. Mashine hii inapenda nywele ndefu na za kati. Ukiilisha merino fupi, kiasi kikubwa kinaangukia upande wa taka. Ili sufu ipite bila kukatika, Bradford iliipaka mafuta ya kama asilimia 3. Mafuta hayo yalibaki kwenye uzi mpaka mwisho. Nao uzi ulisokotwa kwenye mashine zinazovuta na kusokota bila kusimama, kwa kasi kubwa, zikihudumiwa na wasichana na watoto wa nusu siku, wale walioruhusiwa na sheria kufanya kazi asubuhi na kwenda shule mchana. Uzi uliotoka ulikuwa laini kwa macho, mgumu kwa mkono.

Ufaransa, hasa Roubaix na Reims, walikwenda njia nyingine. Walichana kwa mashine ya Heilmann, ambayo humudu nywele fupi. Hawakutumia mafuta, au walitumia kidogo sana. Walisokota kwenye mashine yenye behewa linalokwenda na kurudi, ambayo huvuta uzi taratibu na kuuacha mwororo. Mashine hiyo inahitaji sakafu pana na mwanamume fundi wa kuiendesha. Malighafi yao ilikuwa merino.

Kwa miaka 20 tofauti hiyo haikumuumiza mtu. Wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa magauni yaliyotandazwa juu ya fremu ya pete za chuma, na kitambaa kilichofaa juu ya fremu ni kile kigumu, kinachong'aa, kinachosimama. Hicho ndicho Bradford ilichokuwa nacho.

Kilele

Miaka ya 1860 ilikuwa ya neema juu ya neema. Mkataba wa biashara na Ufaransa wa mwaka 1860 ulifungua soko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilikausha pamba, na wanunuzi wakahamia kwenye sufu. Wafanyabiashara kutoka Ujerumani, ambao walikuwa wameanza kuhamia tangu miaka ya 1830, walijenga mtaa mzima wa maghala ya mawe ambao hadi leo unaitwa Little Germany. Mwaka 1867 Soko la Sufu lilifunguliwa, lenye dari ya mbao na nguzo za mawe kama kanisa, na wanunuzi walikutana hapo Jumatatu na Alhamisi. Kisha mwaka 1870 Ufaransa na Ujerumani zikapigana, oda zilizokuwa ziende Roubaix zikaja Bradford. Mwaka 1873 Lister alimaliza kujenga upya kiwanda chake cha Manningham baada ya moto, na bomba lake la moshi lina urefu wa futi 249.

Tunasisitiza tarehe hizo kwa sababu zinaonyesha kosa la kawaida la kusoma mauzo. Oda za 1870 na 1871 zilikuwa za vita vya jirani, lakini zilihesabiwa kama ushahidi kwamba bidhaa inapendwa. Mashine zikanunuliwa kwa fedha hizo.

Kuanguka kwa mara ya kwanza

Vita vilipokwisha, fremu ya chuma ilikuwa imetoka kwenye mitindo. Gauni jipya lilimwagika mwilini. Lilitaka kitambaa cha sufu tupu, chororo, kinacholala. Hicho kilitoka Ufaransa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1870 maduka ya London yenyewe yaliagiza kitambaa cha Roubaix, na majora ya Bradford yakalala maghalani.

Wenye viwanda waliona. Si kweli kwamba hawakuona. Walijadili katika chemba ya biashara na walifungua chuo cha ufundi kilichopata jengo lake mwaka 1882. Kilichowazuia ni orodha ya vitu vya kubadili kwa pamoja: mashine ya kuchana, mashine ya kusokota, sakafu ya jengo, aina ya sufu, na wafanyakazi wenyewe, maana msichana wa nusu siku haendeshi behewa la Kifaransa. Kubadili kimoja bila vingine ni hasara. Kubadili vyote ni kujenga kiwanda kipya wakati bei inashuka.

Kulikuwa na jambo la pili, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Kazi ya Bradford ilikuwa imegawanywa vipande. Mmoja alichana kwa kulipwa, mwingine alisokota, wa tatu alikodi chumba na nguvu ya mvuke akafuma majora yasiyotiwa rangi, wa nne aliyatia rangi kwa kulipwa, na mfanyabiashara ndiye aliyeyauza. Utaratibu huo ulimwezesha mtu mwenye mtaji mdogo kuanza, na ndiyo siri ya ukuaji wa haraka. Lakini mfumaji hakumjua mvaaji. Mfanyabiashara alimjua mvaaji lakini hakumiliki mashine hata moja, na kitambaa cha Ufaransa kilipotakiwa, alikinunua Ufaransa akakiuza. Faida yake haikupungua. Aliyeona mabadiliko mapema hakuwa na sababu ya kupiga kelele.

Mji haukufa hapo. Ulibadili kile ulichouza. Ikiwa kitambaa hakitakiwi, uzi na utepe uliochanwa vilitakiwa, hasa na Wajerumani. Bradford ikawa inawalisha washindani wake malighafi iliyokwisha kuandaliwa. Kwa fedha ya mwaka ule ulikuwa uamuzi sahihi. Pia mji ukaingia kwenye kitambaa cha suti za wanaume, ambacho kinavumilia uzi mgumu.

Ushuru, mgomo, na kampuni iliyokufa mapema

Oktoba 1890 Marekani ilipandisha ushuru kwa sheria ya McKinley. Desemba hiyo Manningham, ambako walitengeneza hariri na mahameli, walitangaza kupunguza ujira. Wafanyakazi waliokaribia 5,000 waligoma kuanzia Desemba 1890 hadi Aprili 1891. Njaa iliwarudisha kazini kwa ujira ule ule mdogo. Januari 1893 chama huru cha siasa cha wafanyakazi wa Uingereza (Independent Labour Party) kiliundwa katika mji huohuo. Mwaka 1894 Marekani ilishusha ushuru, mwaka 1895 viwanda vikafurika oda, na mwaka 1897 sheria ya Dingley ikafunga mlango tena. Mji ulioupanga mwaka wake kwa kura za bunge la Washington hauwezi kupanga chochote.

Jibu la wenye mali lilikuwa kuungana ili kuzuia ushindani wa bei. Watia rangi waliungana mwaka 1898 na wakadumu. Wachanaji waliungana mwaka 1899, kampuni 38 kwa pamoja, wakaanguka ndani ya miaka michache. Sababu ni ya kufundishia: viwanda vilinunuliwa kwa bei ya mwaka mzuri, wauzaji wakabaki kuwa mameneja wa viwanda vyao vilevile, na uwezo uliozidi haukufungwa. Kampuni ilipofilisika mahakama iliulizwa dhamana waliyopewa wakopeshaji ilikuwa ya aina gani, na majibu ya majaji mwaka 1903 juu ya dhamana inayoelea, yaani ile inayoshika mali za kampuni zinazobadilikabadilika, ndiyo ambayo mwanafunzi wa sheria za kampuni hukutana nayo katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo. Wengi huisoma kesi ile bila kujua kwamba ilihusu vitana vya kondoo.

Kimeta: uamuzi uliofanikiwa

Si kila kitu kilishindikana. Kutafuta nywele ndefu nchi za mbali kulileta ugonjwa. Mchaguaji wa sufu hufungua robota, hushika kila kipande, hukitenga kwa vidole kulingana na ubora. Waliofungua mohairi ya Van, mashariki mwa Uturuki, na sufu ya Uajemi walianza kuugua: kifua kinabana, homa kidogo, na kifo ndani ya siku chache. Waliuita ugonjwa wa wachaguaji. Mwaka 1880 daktari wa Bradford, John Henry Bell, alionyesha kwamba ni kimeta, kile kile kinachoua ng'ombe na kinachojulikana na wafugaji wetu kwa mzoga unaovuja damu isiyoganda.

Kanuni za kwanza, za mwaka 1884, zilikuwa za hiari: sufu ya hatari iloweshwe kabla ya kufunguliwa, meza ya kuchagulia iwe wavu na chini yake feni ya kuvuta vumbi kwenda chini, mtu asile ndani ya chumba. Zilipunguza vifo lakini hazikuviondoa, kwa sababu feni haiui mbegu za kimeta. Mwaka 1905 bodi ya uchunguzi iliundwa na bakteriolojia ikakabidhiwa Frederick William Eurich. Aliyachunguza maelfu ya marobota akaona kwamba hatari kubwa iko kwenye sufu yenye madoa ya damu. Damu ikikauka huifunika mbegu na dawa haiingii. Hivyo utaratibu uliokubaliwa ulianza kwa kuilainisha damu: sufu iliogeshwa kwenye maji ya moto yenye sabuni na magadi, ikakamuliwa kati ya magurudumu, kisha ikazamishwa kwenye formalini, dawa ya kuua vijidudu, ikakaushwa. Sheria ilipitishwa mwaka 1919 na kituo cha kuua vijidudu kikafunguliwa Liverpool mwaka 1921, bandarini, kabla mzigo haujafika kwa mfanyakazi hata mmoja.

Linganisha na mitindo ya nguo. Tatizo la kimeta lilikuwa na mmiliki, lilipimwa, na suluhisho likawekwa mahali pamoja ambapo robota la hatari lazima lipite. Tatizo la kitambaa kigumu halikuwa na mmiliki.

Jambo la grisi nalo litajwe kwa kifupi. Sufu mbichi ya merino hupoteza karibu nusu ya uzito wake ikioshwa, na kilichoondoka ni jasho, udongo na mafuta. Yote yalikwenda kwenye kijito. Mfereji ulinuka kiasi kwamba mwaka 1867 ulifungwa kwa amri ya mahakama, ukafunguliwa tena miaka michache baadaye, ukafungwa moja kwa moja mwaka 1922. Baadaye halmashauri ilijenga mtambo Esholt uliotenganisha mafuta hayo kwenye maji taka kwa tindikali na kuyakamua, ikayauza. Taka ikawa mapato, lakini miaka 100 baada ya kiwanda cha kwanza.

Kuanguka kwa mara ya pili na ya tatu

Baada ya vita vya kwanza vya dunia bei zilipaa, kisha mwishoni mwa 1920 zikaporomoka. Nchi zilizokuwa zikinunua uzi na utepe sasa zilichana na kusokota zenyewe, na nyingi zilijifungia nyuma ya ushuru. Ule uamuzi wa kuwalisha washindani ulikuwa umefika tarehe yake ya kulipwa. Minada ya sufu ilikuwa ikihama kutoka London kwenda Sydney na Melbourne, karibu na kondoo.

Baada ya vita vya pili soko lilirudi na wafanyakazi hawakurudi. Wenye viwanda walitaka mashine zikeshe ili zirudishe gharama, na sheria ilizuia wanawake kufanya kazi usiku. Walileta Wapolandi, Waukraine na Waitalia, kisha wanaume wa Pakistani, wengi kutoka Mirpur, ambako ujenzi wa bwawa la Mangla katika miaka ya 1960 ulizamisha vijiji. Zamu ya usiku ikawa yao. Baadhi ya familia za Kigujarati zilizoondoka Kenya na Uganda miaka ile nazo zilifika Bradford. Kwa hesabu ya kiwanda mpango ulifaa: mashine kuukuu ziliendelea kulipa. Ndiyo shida yenyewe. Kazi ya usiku ya ujira mdogo iliahirisha kununua mashine mpya, na poliesta ilipoingia kwenye suti, na Waitalia wa Prato walipouza kitambaa cha bei ndogo, viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Waliopoteza kazi kwanza ni wale walioitwa mwisho. Kiwanda cha Saltaire kilisimama mwaka 1986, cha Manningham mwaka 1992.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi: maji, makaa, mgawanyo wa kazi uliopunguza mtaji wa kuanzia, na ustadi wa kutia rangi mchanganyiko. Mtu anayetaka kukuza mji wa viwanda vidogo bado anaweza kujifunza kwenye utaratibu wa kukodi chumba na nguvu. Pia kipimo. Bradford ilijenga nyumba ya kupimia unyevu, kwa sababu sufu hunywa maji ya hewani na muuzaji mjanja huuza maji kwa bei ya uzi. Uzi ulikaushwa kabisa, ukapimwa, kisha ukaongezewa asilimia 18.25 kwa hesabu, na uzito huo ndio uliolipiwa. Ugomvi mwingi wa bei uliishia hapo.

Kilichoshindwa: kuunganisha mnyororo. Tunadhani kama mfanyabiashara mkubwa mmoja tu wa Little Germany angekuwa na hisa kwenye kiwanda cha kusokota mwaka 1874, angejaribu behewa la Kifaransa mapema, kwa sababu hasara ingekuwa yake. Wapo wanaosema ujira mdogo uliuokoa mji. Kwetu ujira mdogo ndio uliowezesha kila kizazi kuahirisha: watoto wa nusu siku mwaka 1880, zamu ya usiku mwaka 1960. Kila mara mashine ya zamani ilionekana bado inalipa.

Kuhusu ushuru wa Marekani, tunaupa uzito mdogo kuliko wanavyoupa wengi. Uliumiza, lakini Roubaix nao walitozwa.

Kilichobaki

Bradford ilipima uzi kwa idadi ya vishada vya yadi 560 vinavyotoka kwenye ratili moja. Uzi wa 60 ni yadi 33,600 kwa ratili. Sufu iliyoweza kufika 60 iliitwa sufu ya 60, na nambari hiyo ikawa lugha ya wanunuzi dunia nzima. Ndiyo asili ya "Super 100's" na "Super 120's" inayofumwa kwenye ukingo wa vitambaa vya suti, ingawa siku hizi inatokana na unene wa unywele: Super 100's isizidi mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 18.75, Super 120's isizidi 17.75. Katika maduka ya Kariakoo au Eastleigh utaikuta nambari hiyo hata kwenye ukingo wa poliesta tupu. Kujua, chomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, uchome kila mmoja peke yake. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi.